Picha ikikwama Mpepai, sauti isikwame

MSIMU wa 2021/22 mashabiki wa Mbinga waliionja Ligi Kuu Bara. Mbinga Kwanza ilipanda, ikakutana na Simba na Yanga, kisha ikashuka msimu huohuo pamoja na Biashara United ya Mara. Ilikuwa raha fupi, tena raha ya mbali, kwa sababu mechi za nyumbani zilipigwa Uwanja wa Majimaji mjini Songea, karibu kilomita 100 kutoka Mbinga. Mwenye nauli alipanda gari. Asiye nayo aliingia kibanda umiza, akatoa chake mlangoni, akaitazama timu ya kwao kama anavyoitazama Arsenal.

Timu iliposhuka, kamera nazo ziliondoka. Azam Media, ambayo mwaka 2021 ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, haina sababu ya kupeleka gari la matangazo kwenye kata ya Mpepai. Hakuna wa kumlaumu hapo, biashara ni biashara.

Lakini mpira wa Mpepai haukusimama. Kata hiyo ya Halmashauri ya Mji wa Mbinga ina vijana wake na ina watani wake wa kata jirani. Ikifika Juni na Julai, mvua zimeisha, mahindi yameingia ghalani na baridi ya Umatengo imeshika, kombe lolote litakaloandaliwa litajaza watu kuzunguka uwanja.

Kata ina pia watu wake walioondoka. Wapo Songea, wapo Mbeya, wapo Dar es Salaam, na wengine wameteremka kwa lami hadi Mbamba Bay kutafuta riziki ziwani. Hao hawaulizi matokeo ya Simba, hayo wanayo kiganjani. Wanauliza Mpepai imefanya nini na Kikolo. Na jibu huwa ni ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp, saa mbili usiku, kwamba tumepigwa mbili. Nani kafunga, lilikuwa bao halali au la kuotea, kipa alikuwa wapi, hakuna anayeeleza.

Siku hizi dawa ya jambo hilo ipo: kompyuta moja, simu moja ya kupiga picha, bando, na chaneli ya YouTube au ukurasa wa Facebook. Ndondo Cup, michuano ambayo Shaffih Dauda aliianzisha jijini Dar es Salaam mwaka 2014, ilishaonyesha kwamba mpira wa mchangani nao una watazamaji kibao ukipewa kamera na mtangazaji. Vijana wa kata nao wanaweza kurusha mechi yao laivu, bila gari la matangazo na bila mnara.

Kinachowaangusha wengi ni sauti. Anayeanza hufikiria picha kwanza. Anahangaika na kamera, anahangaika na stendi, anaazima simu yenye kamera nzuri. Sauti anaikumbuka mpira ukiwa umeshaanza. Matokeo yake watu wa Dar wanafungua, wanasikia upepo unavuma kwenye maiki, mtangazaji anasikika kama yupo kisimani, ngoma inampiku, na baada ya dakika tatu wamefunga. Bando ni hela.

Masikio ndiyo yaliyoiona Majimaji

Mkoa wa Ruvuma unapaswa kulijua hili kuliko mikoa mingi. Majimaji ya Songea, Wanalizombe, ilipotamba na kutwaa ubingwa katikati ya miaka ya 1980, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. ITV ilikuja 1994. Mzee wa Mbinga aliyeshangilia ubingwa ule bila kwenda uwanjani, aliushangilia kwa redio ya mbao iliyowekwa dirishani, masafa yakienda na kurudi.

Na aliuona. Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, kina Charles Hilary na Ahmed Jongo, walimfanya msikilizaji ajue mpira uko upande gani, nani anautafuta, na goli liko umbali gani. Nyuma yao kulikuwa na kelele za uwanja, zikipanda pale tu hatari inapoanza. Ni vitu viwili hivyo: mtu anayesema, na umati unaomjibu. Kipande kimoja kikikosekana, ladha inapotea.

Wazungu walilijua hilo kwa shida mwaka 2020. Corona ilipofukuza mashabiki viwanjani, Sky Sports ya Uingereza ililazimika kushirikiana na EA Sports na kuchukua kelele za mashabiki kutoka kwenye mchezo wa FIFA ili kuzipachika juu ya mechi zisizo na watu. Mtazamaji alipewa nafasi ya kuchagua, azisikilize au azizime. Yaani ligi yenye kamera kila kona iliona aibu kurusha picha isiyo na umati.

Mpepai haihitaji kuazima kelele za mtu. Inazo, tena nyingi. Kazi iliyopo ni kuziingiza kwenye kompyuta pamoja na sauti ya mtangazaji bila moja kuiua nyingine.

Tundu moja, sauti nne

Hesabu sauti zinazotakiwa kwenye mechi moja ya kata. Yupo mtangazaji. Pembeni yake yupo mchambuzi, mara nyingi kocha wa zamani au mwalimu wa michezo anayewajua wachezaji hadi jina la baba. Ipo maiki ya umati. Halafu ipo sauti inayotoka ndani ya kompyuta yenyewe: tangazo la duka la pembejeo lililochangia bando, au wimbo wa ufunguzi. Hizo ni nne. Kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja tu la pini.

Hapo ndipo mtu anakwenda dukani kununua waya wa kugawa, mmoja unaozaa wawili, anachomeka maiki mbili kwenye tundu moja. Ni hela ya kutupa. Sauti hizo zikishaingia kwenye tundu moja zimekuwa uji, huwezi tena kumpunguza mchambuzi bila kumpunguza na mtangazaji. Tena tundu lenyewe kwenye kompyuta nyingi za sasa limejengwa kama la simu, spika za masikioni na maiki kwa pamoja, pini yenye mistari mitatu. Ukichomeka pini ya maiki yenye mistari miwili, kompyuta inaweza kuiona kama spika, na mtangazaji akapiga kelele dakika 90 huku inayosikika ni maiki ndogo ya kwenye kioo, pamoja na kila kitufe kinachobonyezwa.

Njia iliyo rahisi kuelewa ni kutumia maiki za USB. Kila moja inaingia kwenye tundu lake, na programu ya kurushia inaziona kama vyanzo tofauti. OBS Studio, programu ya bure iliyoanza mwaka 2012 na inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, inakubali kuongeza chanzo cha sauti kimoja baada ya kingine, kila kimoja na kidhibiti chake cha kupandisha na kushusha. Kila chanzo kipewe jina linaloeleweka, mtangazaji, mchambuzi, umati, maana maiki mbili za aina moja huonekana pacha kwenye orodha, na dakika ya 80 si muda wa kubahatisha ipi ni ipi.

Shida ya njia hiyo ni kwamba kila maiki ya USB ina saa yake ndani. Moja inaweza kuwa imepangwa kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde na nyingine 48,000. Zisipowekwa sawa sauti hukwaruza, na hata zikiwekwa sawa zinaweza kuachana taratibu kadiri mechi inavyokwenda.

Kwa uwanja wa kata, mixa ndogo yenye waya wa USB ndiyo inayoshinda. Ni kifaa kilekile ambacho kwaya za kanisani na madijei wa harusi wanakijua, kwa ukubwa mdogo tu. Maiki zote zinaingia kwenye mixa, kila moja na kitasa chake, na kompyuta inapokea waya mmoja. Saa ni moja. Mtu mmoja anakaa na vitasa bila kugusa kompyuta kabisa, na mwingine anashughulika na picha. Kwaya ya parokia ikiwa na mixa ya aina hiyo na ikakubali kuiazima Jumamosi, nusu ya mechi imeshashinda.

Kosa moja la mixa limeharibu matangazo mengi sana: sauti kutoka sikio la kushoto tu. Mixa hutoa mkondo wa kushoto na wa kulia, na mtu akichomeka waya wa upande mmoja, au kitasa cha kugawa pande kikiwa kimezungushwa hadi mwisho, msikilizaji mwenye hedifoni ya sikio moja haambulii kitu. Na konda wa daladala anayefuatilia Mpepai akiwa kazini anatumia sikio moja. Ndani ya OBS, kwenye mipangilio ya juu ya sauti, kuna kisanduku cha kuchanganya pande mbili ziwe moja. Kitiwe alama na biashara iishe.

Ngoma isifutwe

Maiki ya umati inataka akili yake. Isiwekwe karibu na mtangazaji, itambeba na yeye, na sauti yake itasikika mara mbili. Isielekezwe kwenye spika za MC wa uwanjani. Iende upande wa mashabiki wanaopiga ngoma, ikiwa imevikwa sponji na juu yake kitambaa chenye manyoya ili kuvunja upepo, kwa sababu upepo wa kiangazi ukipiga maiki iliyo uchi, hakuna programu itakayousafisha.

Hapo kuna mtego. OBS ina kichujio cha kuondoa kelele, na kijana akishakigundua anakiweka kila mahali. Kwenye maiki ya mtangazaji ni sawa. Kwenye maiki ya umati ni msiba. Kichujio hicho kimefundishwa kutambua sauti ya mtu anayeongea na kufuta mengine yote, hivyo kinasikia ngoma ya mganda kama takataka. Kinasikia vigelegele kama takataka. Kina mama wakianza kioda pembeni ya goli, msikilizaji wa Dar atasikia vipande vipande kama mtu aliyezibwa mdomo. Na hicho ndicho alichokuwa anakitafuta, ajue kwamba hapa ni nyumbani na si Tandale.

Namna nzuri ya kuipatanisha ngoma na mtangazaji ni kuifanya ijishushe yenyewe. Kichujio cha OBS cha kubana sauti kinaweza kuwekwa kwenye umati na kuambiwa kimsikilize mtangazaji: akiongea, umati unashuka kidogo, akinyamaza, unapanda. Kwenye mita za OBS, mtangazaji acheze kwenye njano, umati ubaki kwenye kijani, na nyekundu iachiwe bao tu. Juu ya mtangazaji kiwekwe kizuizi cha mwisho, ili likifungwa dakika ya 89 na akapagawa, sauti isipasuke kwenye simu za watu.

Ingawa mtangazaji mzuri akiona bao hahitaji programu. Anasema limeingia, anamtaja mfungaji, halafu ananyamaza sekunde tano na kuuacha uwanja uongee. Wengi wa siku hizi hilo limewashinda, wanajaza kila nafasi kama wanalipwa kwa neno.

Bao linasikika kabla halijaingia

Msikilizaji akisikia "goooli" huku kwenye picha mshambuliaji ndiyo kwanza anavuta mguu, mchezo umekufa. Hali hiyo hutokea kwa sababu picha inasafiri polepole kuliko sauti. Simu inayotuma picha kwenye kompyuta kwa mawimbi ya wifi inachelewa, kamera inayopita kwenye kifaa cha kunasa picha nayo inachelewa, wakati maiki yenye waya inafika papo hapo.

Dawa yake ni kofi. Kabla ya mechi mtu asimame mbele ya kamera, karibu na maiki, apige kofi moja kubwa huku kompyuta ikirekodi. Irudiwe kutazamwa. Kama sauti imetangulia viganja kwa robo sekunde, OBS ina sehemu ya kuchelewesha kila chanzo cha sauti kwa milisekunde, hivyo inaandikwa 250 na kujaribiwa tena.

Umati nao una umbali wake. Sauti hutembea takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo shangwe ya nyuma ya goli la mbali, mita 100 kutoka kwenye maiki, inafika karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Hiyo iachwe. Hata aliyekaa uwanjani anaisikia hivyohivyo. Kisichoachwa ni maiki za Bluetooth za bei poa, ambazo nyingi zinachelewa kwa kiasi kinachoonekana na hukatika mwenye nayo akigeuka.

Kuna tatizo jingine linalowatesa wanaoanza, nalo ni mwangwi usioisha, mtangazaji anajirudia na kujirudia hadi sauti inageuka honi. Mara nyingi mchawi ni fundi mwenyewe. Amefungua YouTube kwenye kompyuta ileile ili aone kama matangazo yanatoka, na OBS imewashwa kunasa kila sauti inayotoka ndani ya kompyuta. Inajinasa, inajirusha, inajinasa tena. Matangazo yasikilizwe kwenye simu nyingine, kwa hedifoni, na mtu aliyekaa mbali na meza. Kukiwa na mlio wa nyuki unaonguruma chini kwa chini, ichomolewe chaja. Mlio ukikoma, umeme wa jenereta au waya wa ardhi ndio wenye kesi, na kompyuta inaweza kuendeshwa kwa betri huku ikichajiwa mapumziko.

Hesabu ya bando

Kwa nini kuhangaika na sauti kiasi hiki wakati watu wamekuja kutazama? Hesabu inajibu. Picha ya kawaida inayorushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde inakula karibu gigabaiti 2 kwa dakika 90. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde, kiwango ambacho YouTube yenyewe inakipendekeza, inakula megabaiti 86 hivi kwa muda huohuo. Mtandao wa kata ukilemewa na watu wote uwanjani wanaotuma picha kwa wakati mmoja, kitakachokwama kwanza ni kile kikubwa. Picha ipunguzwe bila huruma, sauti isiguswe. Mtazamaji naye, bando likikaribia kuisha, anashusha picha hadi iwe ukungu na kubaki anasikiliza. Anarudi kuwa mzee wa redio ya mbao.

Kabla ya yote kuna ruhusa. Chama cha soka cha wilaya na waandaaji wa kombe waulizwe. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizoandikwa upya 2020, zilimtaka anayeendesha televisheni au redio ya mtandaoni awe na leseni ya TCRA, na swali hilo liende ofisini kabla ya fainali. Chaneli mpya ya YouTube inaweza kuchukua hadi saa 24 kufunguliwa kurusha laivu kwa mara ya kwanza, kwa hiyo anayeifungua Jumamosi asubuhi atairusha Jumapili, mechi ikiwa imeisha. Na muziki wa dijei wa uwanjani ni hatari: mfumo wa YouTube unautambua wimbo wenye mwenyewe hata ukiwa unatokea mbali, na unaweza kukata matangazo katikati. Spika za dijei ziwe mbali na maiki ya umati, na mapumziko yajazwe na ngoma ya pale pale, kwa idhini ya wapigaji.

Sauti ya tano

Vikundi vinavyozoea kazi huanza kutaka kingine: sauti ya uwanja wa pili. Siku ya mwisho ya makundi, tuseme Mpepai inacheza na Kikolo huku Utiri ikicheza na Kitanda kwa wakati mmoja, na anayefuzu anategemea mechi zote mbili. Pale Utiri anatosha kijana mmoja mwenye simu. Anapigiwa, simu iliyopo Mpepai inaunganishwa kwenye mixa kwa waya, na anaingia hewani kama mtangazaji wa tatu.

Kazi iko kwenye anachosikia yeye. Ukimrudishia matangazo yote, atajisikia mwenyewe kwa kuchelewa na ulimi utamshinda baada ya maneno matatu. Jaribu kuongea huku mtu anakurudishia maneno yako nusu sekunde nyuma. Anatakiwa arudishiwe kila kitu isipokuwa sauti yake. Kwenye mixa kuna mkondo wa pembeni, ule ambao kwaya huutumia kwa spika za waimbaji jukwaani. Kitasa cha mkondo huo kinafunguliwa kwa mtangazaji, mchambuzi na umati, na kwenye njia ya simu kinafungwa kabisa. Mkondo huo ndio unaorudi kwenye simu. Mixa ichaguliwe yenye huo mkondo tangu siku ya kununua.

Njia ya simu ibaki imeshushwa muda wote hadi wa Utiri atoe ishara, ujumbe mfupi wa neno moja kwenye simu ya fundi. Likiingia bao kule, mtangazaji wa Mpepai anakatiza sentensi, kitasa kinapanda, na watu wa Dar, wa Mbamba Bay na wale waliosimama nyuma ya goli na simu sikioni wanalisikia mara moja. Wachezaji uwanjani hawajui chochote. Watalijua kwa kelele, upande ule wa ngoma utakapolipuka huku mpira uko katikati na hakuna aliyefunga.